TRAUTI WAKALI WA MAZIWA YA USKOTI

Watu wanaokaa kandokando ya mito ya Nyandarua na Mlima Kenya wanamjua vema samaki aitwaye trauti. Ni samaki wa maji ya baridi, mwenye madoa mwilini, mwepesi wa kushtuka, na nyama yake ni tamu. Lakini si wengi wanaojua ya kuwa samaki huyu si mwenyeji wa nchi hii. Katika mwaka wa 1905 Bwana Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, mpaka Misri, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa moja la Uskoti liitwalo Loch Leven, na trauti hao wakatiwa katika mto Gura. Desturi ya siku zile ilikuwa kuyapanga mayai katika majani laini yenye unyevu, na barafu juu yake, ili yasianguliwe njiani wala yasioze kwa joto la baharini. Baadaye, mwaka wa 1948, kituo cha kuzalisha trauti kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri.

Habari tunayotaka kumweleza msomaji leo si ya hao waliohamia kwetu, bali ya ndugu zao waliobaki kwao. Maana katika maziwa ya mbali ya Uskoti, yaliyo kati ya milima ambako hata njia ya gari hakuna, wako trauti wa asili ambao wana uzito wa ratili 10, 15, na hata kupita 20. Trauti mkubwa kuliko wote anayekubaliwa katika vitabu vya Uingereza alivuliwa na Bwana Brian Rutland katika Loch Awe mwezi wa Machi, 2002. Alikuwa na uzito wa ratili 31 na wakia 12, yaani zaidi ya kilo 14, na huo ni uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Mtu aliyezoea kuona trauti wa kutosha sahani moja atashangaa kusikia hayo, na atauliza: samaki huyu alikula nini, na kwa muda gani, hata akawa hivyo? Tutajaribu kujibu.

NCHI YENYEWE

Uskoti ni upande wa kaskazini wa kisiwa kile kikubwa cha Uingereza. Kwa Kigaeli, lugha ya kale ya watu wa milimani, ziwa huitwa loch, na ndiyo sababu neno hilo hutangulia karibu kila jina la ziwa huko. Ukihesabu na vidimbwi, nchi hiyo ndogo ina maziwa zaidi ya 30,000. Mengi yalichimbwa na barafu. Zamani sana nchi yote ilifunikwa na barafu nene, ambayo ilisogea polepole kutoka milimani ikikwaruza mawe na kuchimba mabonde. Ilipoyeyuka, miaka kama 10,000 iliyopita, maji yakabaki katika mashimo hayo. Kwa hiyo maziwa makubwa ya huko ni membamba, marefu na yenye kina cha kutisha. Loch Awe lina urefu wa maili 25, lakini mahali pengi upana wake haufiki maili moja. Loch Ness lina kina cha futi 750 na zaidi. Loch Morar, lililo magharibi karibu na bahari, linapita yote: kina chake ni zaidi ya futi 1,000.

Vina hivi havikukisiwa tu. Kati ya 1897 na 1909 Sir John Murray, mtaalamu wa bahari, pamoja na rafiki zake wa jamaa ya Pullar, walisimamia kazi ya kupima maziwa 562 ya Uskoti, moja moja, kwa mashua ya makasia na waya wenye uzito. Kijana Frederick Pullar ndiye aliyetengeneza chombo cha kupimia. Mwezi wa Februari, 1901, watu walikuwa wakiteleza juu ya barafu ya ziwa dogo la Airthrey. Barafu ikavunjika, na Frederick akaingia majini kuwaokoa. Aliwatoa wengine, kisha yeye mwenyewe akazama akafa. Baba yake, Laurence Pullar, angaliweza kuiacha kazi ile kwa huzuni, lakini alitoa fedha zake ili imalizike. Ramani zilizopatikana zilikuwa nzuri hata wavuvi wa leo, wenye mitambo ya umeme ya kupimia kina, bado huzitazama kabla ya kushusha mashua.

ZIWA LENYE NJAA

Mkulima anayejua shamba lake atafahamu upesi jambo tunalotaka kusema sasa. Sehemu kubwa ya milima ya kaskazini na magharibi ya Uskoti ni mwamba mgumu wa kale, na juu ya mwamba huo umelala udongo mweusi wa majani yaliyooza nusu, ambao wenyeji huukata vipande kama matofali na kuukausha wawe na kuni. Udongo huo ni mchungu. Maji yatokayo humo hufanana na chai ya rangi, nayo yana chakula kidogo sana cha samaki. Trauti wa maziwa ya namna hiyo ni wengi na wadogo. Watatu kwa ratili moja ndiyo hesabu ya kawaida, na huenda kila mmoja ana umri wa miaka minne au mitano. Ni kama ng'ombe walioachwa katika malisho makavu: hawafi, lakini hawanenepi.

Pale ambapo mwamba ni wa chokaa mambo hubadilika. Karibu na kijiji cha Durness, pembeni kabisa mwa kaskazini, yako maziwa manne: Caladail, Borralie, Croispol na Lanlish. Maji yake ni maangavu kama kioo. Humo hukaa konokono na kamba wadogo kwa wingi, kwa kuwa viumbe hao huhitaji chokaa ili kujenga magamba yao, na trauti huwala na kunona. Kila mtu aliyepata kutia chokaa katika shamba lenye udongo mchungu akaona mavuno yakipanda atalitambua jambo hili. Loch Lanlish ni dogo, limezungukwa na kiwanja cha gofu, na mpita njia anaweza kulidharau. Lakini limetoa trauti wa ratili nyingi. Taabu yake ni hii, ya kwamba mvuvi akimwona samaki, samaki naye amekwisha kumwona mvuvi. Watu huvua huko kwa kupiga magoti, au hungoja upepo mkali uchafue uso wa maji, au hungoja jioni. Mgeni anaweza kuvua juma zima asiguswe hata mara moja.

Hata hivyo trauti wale wakubwa mno, wale wa ratili 15 na kuendelea, hawatoki katika maji ya chokaa. Jambo la ajabu ni kwamba wanatoka katika yale maziwa makubwa yenye njaa.

MLA NDUGUZE

Katika miaka ya 1830 Sir William Jardine, mtaalamu wa viumbe, alipeleleza maziwa ya kaskazini na kumwandika trauti mkubwa wa huko kuwa ni samaki wa namna yake peke yake, akamwita kwa Kilatini ferox, maana yake mkali. Wataalamu waliofuata walibishana naye kwa miaka mingi. Wengine walisema, huyu ni trauti yule yule wa kahawia, ila amezeeka na kuacha adabu. Katika mwaka wa 2006 ulichapwa uchunguzi wa damu na nasaba za samaki wa Loch Awe na Loch Laggan, nao ulionyesha kwamba ferox wa maziwa hayo hawachanganyiki sana na trauti wengine katika kuzaa. Wanakaa ziwa moja, lakini ni kama koo mbili zisizooana. Basi Sir William hakuwa mbali na kweli kama walivyodhani waliomcheka.

Maisha ya samaki huyu ni haya. Katika miaka yake ya kwanza haonekani tofauti sana na wenzake. Hula wadudu, hukua polepole. Akifika urefu wa futi moja au kuzidi kidogo, huacha wadudu na kuanza kula samaki. Chakula chake kikubwa ni samaki aitwaye chari, jamaa ya trauti, mwenye tumbo jekundu, aliyebaki katika maziwa ya kina kirefu tangu siku za barafu. Chari huenda makundi makundi katika maji ya chini yenye baridi, na ferox huwafuata kama fisi afuatavyo kundi la mbuzi. Hula pia trauti wadogo, bila kuuliza kama ni ndugu zake. Tangu hapo hukua upesi sana. Mtaalamu akitazama gamba lake kwa darubini huona miviringo ya miaka kama ile ya mti uliokatwa: ya kwanza imebanana, kisha ghafula inapanuka. Na huishi muda mrefu. Trauti wa kawaida wa milimani huwa mzee akiwa na miaka sita au saba, bali ferox wengine wamehesabiwa miaka zaidi ya 20.

Lakini ziwa lenye njaa haliwezi kulisha wakali wengi. Hapo ndipo ilipo shida yote ya uvuvi huu, na pia hatari yake. Katika Loch Rannoch, ziwa la urefu wa maili 9 na zaidi, mtaalamu mmoja wa maabara ya samaki ya Pitlochry, Bwana Alastair Thorne, aliongoza kikundi cha wavuvi kwa miaka 15, kati ya 1994 na 2009. Waliwavua ferox 80, wakawapima, wakawatia alama, na kuwarudisha majini wakiwa hai. Kwa kutazama ni wangapi waliovuliwa tena wakiwa na alama, walikadiria idadi ya ferox wote wa ziwa lile, na makadirio yakatokea kuwa ni makumi machache tu, hata mia hawatimii. Msomaji na afikiri mambo hayo. Ziwa ambalo mtu hawezi kulizunguka kwa miguu kwa nusu siku, na wakuu wake wote pengine wangeenea katika gari moja la mizigo.

NAMNA YA KUWAVUA

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mashua katika yale maziwa makubwa. Mvuvi hutia trauti mdogo aliyekufa katika ndoana, au samaki wa bandia wa mti au bati, humshusha nyuma ya mashua kwa mshipi mrefu, na kuvuta makasia polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Siku hizi wengi hutumia injini ndogo na mtambo unaoonyesha chini ya maji, ili wafuate ukingo ule ambapo ziwa huanza kushuka ghafula gizani, kwa sababu hapo ndipo ferox hupita akivizia chari. Fito mbili au zaidi huwekwa zimeinuka kila upande. Baada ya hapo ni kungoja.

Sisi makarani hujisifu kwamba tunajua kungoja. Tumengoja faili zirudi kutoka ofisi za juu, na kujibiwa barua ambazo hata aliyeziandika amekwisha kustaafu. Lakini mvuvi wa ferox anatushinda. Huzunguka ziwa tangu alfajiri hata jioni, mvua ya barafu ikimpiga usoni, asipate kitu. Kesho yake vivyo hivyo. Na wako wanaomaliza msimu mzima bila kumpata hata mmoja, kisha mwaka unaofuata wanarudi. Mwaka wa 1985 baadhi ya watu wa namna hiyo, wavuvi na wataalamu pamoja, walifanya chama chao kiitwacho Ferox 85, nao ndio waliotujulisha mengi ya hayo tuliyoyasema juu ya maisha ya samaki huyu. Mmoja wao, Bwana Ron Greer, aliandika kitabu kizima juu ya ferox na chari, kilichotoka mwaka wa 1995.

Samaki akishika, si sawa na kuvuta trauti wa mtoni. Kwanza ufito huinama tu, kana kwamba ndoana imenasa katika jabali. Kisha jabali linaanza kwenda. Hashindani kwa kurukaruka. Huzama chini, na kukaa huko, na kuuvuta mshipi futi baada ya futi. Mvuvi mwenye pupa hukata mshipi wake hapo hapo. Mwenye busara humwacha aende, humvuta akilegea, tena humwacha, na mwenziwe huigeuza mashua taratibu ili kamba isipite chini yake. Katika mwaka wa 1866 Bwana mmoja aliyeitwa Muir alimnasa samaki wa namna hiyo katika Loch Awe, wala si kinywani bali ubavuni, akashindana naye saa mbili na nusu. Ilisemekana alikuwa na ratili 39 na nusu. Samaki huyo alikaushwa akawekwa ukutani, lakini nyumba ikaungua naye akateketea, na kwa kuwa hakuna ushahidi uliobaki, jina lake likaondolewa katika orodha ya samaki wakubwa. Wako wazee wanaomlilia mpaka leo. Kwa maoni yangu waamuzi walifanya haki. Kama kila mvuvi angeaminiwa kwa neno lake, hakuna ziwa lingetosha kuwaweka samaki wote waliopata kusimuliwa.

Njia ya pili ni ya miguu, nayo ndiyo inayopendwa na maskini na vijana. Mtu huchukua ufito mwepesi, chakula cha siku moja au mbili, ramani na dira, hupanda milima mpaka kwenye ziwa asiloliona mtu ila mara chache kwa mwaka. Huvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege na nyuzi za sufu, nyeusi au nyekundu au kahawia. Kwa kawaida hufunga nzi watatu katika mshipi mmoja, na kuwatupa mbele, kisha huwarudisha taratibu juu juu ya maji. Upepo ndio rafiki yake. Ziwa likitulia kama kioo hapati kitu, isipokuwa usubi. Usubi wa Uskoti, wasomaji, si jambo la kuchekesha. Ni wadogo kama chembe ya unga, lakini jioni ya kiangazi isiyo na upepo huja kama moshi, na nimesoma habari za watu wazima waliotupa fito zao wakakimbia.

Anayejua maji hatupi nzi mahali popote. Hutafuta kijito kinapoingia, au jiwe lililozama, au ghuba ambayo upepo umesukumia wadudu. Na hapigi kelele. Wavuvi wa huko husema kwamba wageni wengi huingia majini mpaka magotini na kutupa mbali, hali samaki mkubwa alikuwa amelala hatua mbili tu kutoka ukingoni, hapo hapo walipokanyaga.

Lazima pia kutaja hatari. Maji yale ni baridi hata mwezi wa Julai, na mtu akianguka kutoka mashuani nguvu zake huisha upesi, ajue kuogelea asijue. Ukungu hushuka mlimani kwa dakika chache ukafuta njia. Simu za mkononi katika mabonde mengi hazisikii chochote. Kwa hiyo mwenye akili huacha habari kwa watu wa nyumbani au mwenye duka: nimekwenda ziwa fulani, nitarudi saa fulani.

Ziko hadithi za zamani zinazowavuta watu kwenda huko. Katika nchi ya Wester Ross liko Fionn Loch, maana yake Ziwa Jeupe, na mtu wa kutoka Poolewe hutembea maili kadhaa kabla ya kuliona. Bwana Osgood Mackenzie, aliyepanda ile bustani mashuhuri ya Inverewe, ameandika katika kitabu chake cha 1921 habari za siku moja ya Aprili, 1851, ambayo katika ziwa hilo walivuliwa trauti 12 wenye uzito wa ratili 87 na wakia 12 kwa jumla. Hesabu hiyo ni zaidi ya ratili 7 kwa kila mmoja. Leo watu huisoma kwa tamaa. Lakini tujiulize, trauti wale 12 walikuwa na umri gani? Huenda wengine walizaliwa kabla ya 1840. Kwa siku moja mtu alimaliza kazi ambayo ziwa liliifanya kwa miaka mingi, na haiwezekani kuagiza wengine kama mtu aagizavyo mbegu dukani.

Ndiyo sababu siku hizi wavuvi wengi wa ferox hupima samaki wao, humpiga picha, na kumwachilia. Najua wasomaji wengi watasema kuwa huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Mtu avue chakula kisha akirudishe? Mimi nami mwanzoni nilidhani hivyo. Lakini mkulima hachinji fahali pekee wa kijiji kwa ajili ya karamu ya siku moja, na ziwa lenye wakuu sabini au themanini haliko mbali na kijiji chenye fahali mmoja. Wale wadogo watatu kwa ratili, haya, na waliwe. Ni wengi, na wakipungua kidogo waliobaki hupata chakula.

ZIWA NI LA NANI?

Kuvua trauti Uskoti hakuhitaji leseni ya serikali, lakini si bure kwa kila mtu. Haki ya kuvua trauti hufuatana na ardhi. Mwenye ardhi ndiye atoaye ruhusa. Sheria ya ardhi ya 2003 iliwapa watu wote ruhusa ya kutembea karibu popote milimani na kandokando ya maji, ila haikuwapa ruhusa ya kuvua. Zaidi ya hayo, trauti wa kahawia hawavuliwi tangu tarehe 7 Oktoba hata 14 Machi, kwa sababu wakati huo hupanda vijito vyenye changarawe kwenda kutaga.

Suala la ardhi huko lina historia ya uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 19 katika wilaya ya Sutherland maelfu ya wakulima walifukuzwa katika mabonde ya baba zao ili kondoo wawekwe. Wengine walisukumwa mpaka pwani kwenye mawe, wengine wakavuka bahari kwenda Amerika. Wajukuu wa wale waliobaki walilima vishamba vidogo kama wapangaji, na juu yao mashamba makubwa ya milimani, pamoja na maziwa yake, yaliuzwa na kununuliwa na watu wa mbali. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa aliweza kushtakiwa kwa kuvua trauti mmoja humo.

Basi mwaka wa 1992 shamba la North Lochinver, katika nchi ya Assynt, lilikuwa likiuzwa tena. Lilikuwa na eka 21,000 hivi, na maziwa mengi sana. Wakulima wadogo waliokaa humo walikutana, wakafanya chama, wakachanga, wakaomba msaada huku na huku, mpaka wakapata kama pauni 300,000. Na mwanzoni mwa mwaka wa 1993 ardhi ikawa yao. Jambo hilo lilisikika Uskoti kote, na vijiji vingine vikafuata mfano huo baadaye. Tangu hapo mvuvi atakaye kutupa nzi katika maziwa ya North Lochinver hununua cheti kutoka kwa wakulima wenyewe, na fedha huingia katika mfuko wa chama chao.

Wenye maziwa, wawe wakulima au matajiri, wana hofu za namna moja siku hizi. Maji yakizidi kupata joto, chari atapungua, naye ferox hataweza kuishi bila chari. Pia wako watu wanaochukua samaki wageni, kama paiki mwenye meno, na kuwatia kwa siri katika maziwa yasiyokuwa nao. Sheria ya mwaka wa 2007 imefanya jambo hilo kuwa kosa, lakini askari wa kulinda maziwa 30,000 atatoka wapi? Ndiyo maana vyama vya wavuvi huomba wanachama wao waangalie, na wakimpata samaki wa kigeni watoe habari.

Msimu hufunguliwa tarehe 15 Machi. Wakati huo theluji ingali juu ya milima, na wavuvi wa nzi wengi bado wako nyumbani wakifunga manyoya kando ya moto. Wale wa ferox hawangojei. Hushusha mashua zao katika Loch Awe na Loch Rannoch na Loch Ness asubuhi ile ile, mikono ikiwa imekufa ganzi kwenye makasia, kwa kuwa wanakumbuka kwamba samaki wa Bwana Rutland alivuliwa katika mwezi huo wa Machi.